Mahindi yangu Namanga, mbaazi zangu India

Mimi ni mkulima wa Babati, upande wa Gallapo, nalima ekari saba na mume wangu. Kwetu huku mtu halimi mahindi peke yake, ukipanda mahindi unachanganya na mbaazi humohumo, mahindi unavuna mwezi wa saba wa nane hivi, mbaazi unaziacha zisimame mpaka wa tisa au wa kumi. Shamba moja, palizi moja, mvua ileile. Ila hayo mazao mawili yakishatoka shambani yanaachana kabisa, mahindi yanapanda Arusha kwenda Namanga, kwenye mpaka wetu na Kenya, hadi Nairobi, mbaazi zinashuka Dar bandarini zinaenda India. Na mimi kwa miaka mingi nilikua sijui kama hizo njia mbili zina sheria tofauti, nilijua tu kuna mwaka wa bei nzuri na mwaka wa bei mbaya, basi, na bei nilidhani analeta dalali.

Nimeamua kuandika kwasababu kila nikisikia watu wanaongelea mikataba ya kikanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki, SADC ile ya nchi za kusini mwa Afrika, soko huru la Afrika nzima, naona wanaiongelea kama jambo la mawaziri na hoteli kubwa za Arusha. Mimi imenigusa kwenye ada ya shule.

Nianze na 2017.

Mwaka juzi yake na mwaka jana yake mbaazi zilikua zimelipa sana, kijijini kilo ilifika 2,000 na kupita, watu waliezeka nyumba, watu walinunua pikipiki, kwahiyo 2017 kila mtu kaongeza mbaazi, na sisi tukaongeza, tukakodi na ekari mbili za jirani. Mwezi wa sita tukasikia serikali yetu imezuia mahindi kutoka nje ya nchi bila kibali, sababu ilikua kuhofia njaa ndani. Sasa mwaka huohuo Kenya kulikua na ukame, unga umepanda bei mpaka ikawa habari ya kila siku, wakaondoa ushuru kwa mahindi ya kutoka nje na mwezi wa tano meli ikaingia Mombasa na mahindi ya Mexico, tani karibu 30,000. Mexico jamani! Na sisi Babati ukiondoka alfajiri na gari saa sita mchana uko Namanga. Kwa taratibu za Jumuiya mahindi ya nje ya ukanda yanatozwa ushuru asilimia 50, ya mwanachama mwenzako sifuri, hiyo ndo faida mkulima wa huku aliyopewa tangu umoja wa forodha uanze Januari 2005. Mwaka ule kwa Mkenya ukuta ule ulishushwa ili mahindi ya mbali yaingie, na kwetu geti likafungwa kwa ndani. Mahindi ya Babati yakabaki Babati, gunia likashuka mpaka unaona aibu kutaja.

Nikamwambia Baba Neema sio mbaya, mahindi tutakula, mbaazi ndo zitatutoa. Agosti hiyohiyo India wakaweka kikomo, mbaazi za kutoka nje tani 200,000 tu kwa mwaka, kwasababu wakulima wao walivuna sana na bei ikawaangukia. Yule dalali ambaye mwaka uliopita alikua anatupigia simu kabla hatujaamka akawa hapokei. Aliyekuja baadae alinipa 200 kwa kilo. Mia mbili. Kuna majirani waliacha mbaazi zipukutike shambani maana kumlipa mtu wa kuvuna na kupiga ilikua inazidi utakachopata. Mimi nilivuna, nikaweka ndani, nikasubiri bei ambayo haikuja, wadudu wakaanza, nikauza hivyohivyo. Neema alikua ameshaanza kidato cha kwanza, bweni ikabidi tumtoe awe anatembea.

Miaka miwili mbele kwenye semina ya wakulima pale Babati mjini ndo nikasikia kitu kilichonikosesha usingizi. Msumbiji nao wanalima mbaazi, nao wanauza India, lakini wao Julai 2016 walikua wamesaini makubaliano na India kwamba watanunuliwa kiasi fulani kila mwaka, wakianza na tani 100,000 na kupanda kidogokidogo mpaka 200,000, hata kama wengine wote wanazuiliwa. Sisi hatukua na karatasi kama hiyo. Mwenzako ana mkataba wewe una mazoea tu ya kuuziana, na mazoea yakikatika hakuna mahali pa kwenda kuuliza. Niliinuka nikauliza kwani sisi hatukuweza kusaini? Mwezeshaji akasema hilo swali la wakubwa, akaendelea na mada. Mimi naona lilikua swali langu kabisa.

Sasa mahindi.

2020 tulivuna vizuri na sijauza haraka, mimi huwa natunza mpaka mwezi wa pili wa tatu bei ipande. Majirani sita tukaungana, tukajaza Fuso moja, gunia 100, tulikua na mteja mama mmoja wa Nairobi ambaye tulishafanya nae kazi mara mbili, tukakubaliana 55,000 kwa gunia mzigo ukifika Namanga. Mimi ndo nilichaguliwa kusindikiza kwasababu nilikua na simu nzuri na najua kuongea na watu. Tumefika Namanga jioni ya tarehe 5 Machi 2021, foleni ya malori imeganda, dereva akashuka kuuliza akarudi uso umebadilika. Nikampigia yule mama. Akaniambia, "Dada, kwani hujaskia? Wamefunga mahindi ya kutoka huko kwenu na Uganda, ati ziko na aflatoxin." Mimi hilo neno sikuwahi kulisikia. Kwetu baadae nikajua tunaita sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka.

Nililala kwenye kebini siku tatu alafu nikapanga kitanda kwa mama lishe mmoja pale mpakani, Mungu ambariki. Dereva anataka 100,000 kwa kila siku gari linayosimama. Majirani wanapiga simu kutoka Gallapo kila saa, mama vipi, mama imekuaje, na mimi sina jibu. Tarehe 10 ikatangazwa kwamba Kenya wamefungua tena, pale Namanga watu walishangilia, mimi nilipiga goti kabisa. Siku tano tu!

Ila kufunguliwa kwenyewe kulikuja na masharti, mwingizaji wa Kenya awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kwamba umepimwa sumukuvu na haizidi sehemu 10 kwenye bilioni, na cheti cha uasili kioneshe mpaka wilaya mahindi yalikolimwa. Sisi tulikua na nini? Tulikua na risiti ya ushuru wa halmashauri na karatasi ya kituo cha mizani. Afisa mmoja akaniambia kwa upole tu, mama yangu mzigo wako hauna ushuru wowote wa kulipa, ila hauna vyeti, siwezi kukuruhusu. Hiyo sentensi nilikaa nayo. Ushuru sifuri, miaka 16 tangu umoja wa forodha uanze, na bado sipiti.

Wapo waliokua wanavuka mbele ya macho yangu, wale akina mama wanaobeba magunia machache, mzigo chini ya dola 2,000 wanajaziwa fomu rahisi ya uasili palepale mpakani. Nikafikiria tugawe mzigo vipandevipande. Wakala mmoja wa forodha akanikataza, akasema ile fomu inakusaidia kwenye ushuru tu, cheti cha afya ya mimea na cha sumukuvu bado unatakiwa uwe navyo, ukikamatwa unapoteza vyote. Alafu mvua za mwezi wa tatu zikaanza, turubai la Fuso lilikua limechanika kona moja, gunia za juu zikalowa. Siku ya tisa nikapiga simu nyumbani nikasema narudi. Tuliuza Arusha kwa 38,000, wengine wakanilaumu, wengine hawakusema kitu ambayo ni mbaya zaidi. Toa nauli ya gari, toa siku tisa za kusimama, ukigawa kwa watu sita hela iliyobaki ilikua ya kununulia mbegu tu.

Nilirudi na hasira na Wakenya, nilisema kila mahali kwamba ni siasa, wanalinda wakulima wao wa Kitale na Eldoret, na kwakweli sijabadilika moja kwa moja, kufunga mpaka kwa barua ya siku moja wakati malori yako njiani sio namna ya watu walio kwenye soko moja. Hata viongozi waliliona, Mama Samia alipoenda Nairobi mwanzoni mwa Mei suala la mahindi likazungumzwa juu kabisa na mambo yakaanza kulainika. Lakini kuna upande mwingine wa hii habari nilikua siutaki kuusikia.

Afisa ugani wetu, kijana mdogo, alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda akaniambia mama, unakumbuka 2016 watu waliokufa huku kwetu? Nilikua nakumbuka, mkoa wetu wa Manyara na Dodoma, watu waliumwa tumbo na macho kuwa ya njano, wagonjwa 68, wakafa 20, wengi watoto, watu walisema wamelogwa. Akasema ile ilikua sumukuvu, kwenye mahindi. Akaniambia na Kenya 2004, Makueni na Kitui huko, waliugua 317 wakafa 125. Kwahiyo wanaposema sumukuvu sio neno la kutungia sababu, wamezika watu.

Msimu wa 2021 tukachanga hela, kaya saba sasa, tukapeleka sampuli kupima Arusha. Kaya mbili majibu yalizidi 10. Moja ilikua ya kwangu. Yale niliyoanika kwenye turubai yalikua safi, yale niliyoanika chini nyuma ya nyumba kwasababu turubai halikutosha ndo yalikua mabaya, na hayo ya nyuma ya nyumba ndo tuliyatenga ya kula sisi, yale mazuri ya kuuza. Miaka yote nimefanya hivyo, mazuri ya mteja, yaliyobaki ya watoto. Gunia sita nilizifukia. Baba Neema alichimba shimo hakuongea neno. Na lile Fuso la Machi mpaka leo sijui lingepita kwenye kipimo au lisingepita. Pale Arusha tulipouza hakuna aliyetuuliza chochote, walitazama punje wakatafuna moja wakalipa, na hayo mahindi yameliwa na watu wetu.

Hapo ndo nilianza kuitazama hii mikataba tofauti. Nilikua naona kiwango cha 10 ni kikwazo wamewekewa wakulima maskini, kumbe ni kiwango cha Afrika Mashariki nzima, kilekile kinatakiwa kwa mahindi ya kwetu yanayoliwa kwetu, ila ndani hakuna anayekipima sokoni. Unyevu vilevile, usizidi asilimia 13.5. Sasa hivi kikundi chetu tuna kipima unyevu kimoja tunazungushiana, tuna maturubai, gunia za kawaida tumeacha kwa mahindi ya kukaa muda mrefu tunatumia ile mifuko ya kuzuia hewa, bei yake imezidi mara kadhaa ya kiroba cha kawaida lakini unaitumia zaidi ya msimu mmoja. Nyumbani kwangu mahindi ya kula na ya kuuza yanatoka turubai moja.

Mwaka 2023 zamu ikawa ya upande wetu tena. Serikali ikasisitiza anayetoa mahindi nje awe na namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara na kibali cha kusafirisha, malori yakakwama upande huu. Sisi tulikua tumeshajisajili mwaka mmoja kabla, tukapitisha gari mbili kwa jina la kikundi bila shida kubwa, kwa mara ya kwanza nikaona karatasi zangu zinasomwa na kugongwa mhuri alafu geti linafunguka, nilitetemeka. Ila majirani ambao walizoea Mkenya aje mpaka uwani apakie wao waliumia, bei kijijini ilishuka ndani ya wiki moja maana wanunuzi waliondoka wote kwa pamoja. Utaratibu wenyewe siupingi, mtu kuja kununua mpaka shambani bila leseni na kuondoka kulikua kunatupunja pia, lumbesa yani gunia la kujazwa kupita kipimo, mizani za ajabu. Nachopinga ni muda. Mkulima anaamua apande nini mwezi wa kumi na mbili, ukimbadilishia sheria mwezi wa sita mahindi yakiwa yamekauka shambani hana tena cha kuamua. Na 2025 ikaja tena ile amri ya Julai inayokataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, mojawapo kununua mazao shambani, Wakenya wakalalamika kwamba mkataba wa soko la pamoja la Afrika Mashariki la 2010 hausemi hivyo. Yule mama wa Nairobi sasa anapitia kwetu kikundi, kwetu sisi imekua nafuu, kwa mkulima asie na kikundi amebaki na dalali wa Babati peke yake, na dalali akiwa peke yake unajua anavyokua.

Hata SADC ni yaleyale. Aprili 2025 tulisimamisha mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwasababu wao walikua wamezuia ya kwetu, siku chache baadae tukaondoa zuio. Nilifikiria tu yule mkulima wa tangawizi au ndizi wa Mbeya aliekua na mzigo njiani wiki ile, na mwenzake wa Malawi, wamelala kwenye kebini kama mimi.

Lakini mtu akiniuliza kama hii mikataba ina faida kwa mkulima mdogo namwambia nitazame mimi, nimelima mazao mawili kwenye shamba moja. Mahindi yalipofungiwa 2021 kulikua na mkataba, kulikua na kiwango kilichoandikwa, kulikua na mahali mawaziri wanakutana na kuulizana, geti likafunguliwa siku ya tano hata kama mimi nilikwama kwa vyeti. Mbaazi zilipofungiwa Agosti 2017 hakukua na kitu, India walikuja kufungua soko lao huru Mei 2021, karibu miaka minne, na walifungua kwasababu wao walipungukiwa, sio kwasababu kuna mtu alituombea. Bei za mbaazi zimerudi, tunashukuru, ila kila Agosti mimi huwa sikai vizuri, nasikiliza redio kama mtu anaesubiri majibu ya hospitali. Waliofungua wenyewe wanaweza kufunga wenyewe. Nikipata nafasi ya kukaa na mbunge wetu dakika tano ntamuuliza hilohilo nililouliza semina, karatasi ya mbaazi iko wapi?

Na kitu kingine ntamwambia ni gharama ya kupima. Kipimo bei ni ileile uwe na gunia 20 uwe na tani 300, kwa mwenye tani 300 hiyo hela haionekani, kwa mwenye gunia 20 inaondoka na faida yote, kwahiyo mkataba unasema wote tuna ushuru sifuri lakini mlango wenyewe upana wake ni wa mtu mwenye ghala. Sisi tumeweza kwasababu tuko kaya kumi na moja sasa. Kijana wa jirani yangu, ekari mbili, hayuko kwenye kikundi, anauza kwa dalali mahindi ambayo hayajapimwa na anakula ambayo hayajapimwa.

Juzi yule mama wa Nairobi kapiga simu, anataka gunia 150 mwezi wa pili. Zamani swali lake la kwanza lilikua bei. Safari hii kaniuliza, "Moisture iko ngapi?" Nikamwambia 13. Akasema nimtumie picha ya kile kipimo kikiwa ndani ya gunia, nikamwambia subiri kidogo mama, kiko kwa Mama Sifuni leo, ntakifata jioni.